Hifadhi ipi ya milimani kwa familia yenye gari: Arusha, Ngorongoro, Aberdare au Kitulo?

Familia nyingi zinapopanga likizo ya kwenda hifadhini huanza na swali la wanyama: tutamwona simba, tutamwona tembo, na kifaru je? Kwa hifadhi za tambarare swali hilo linatosha. Kwa hifadhi za milimani halitoshi, kwa sababu huko misitu, mabonde na ukungu huweza kuwaficha wanyama asubuhi nzima, na kinachobaki mbele ya macho ya watoto waliobanana kiti cha nyuma, ya bibi aliyepewa kiti cha mbele na ya dereva mwenyewe ni barabara pamoja na yale yanayoonekana kutoka humo. Ulinganisho huu kwa hiyo unaanza na barabara, unaendelea na mambo ambayo familia hukutana nayo ikiwa njiani, na wanyama wanapewa nafasi yao baadaye.

Nimechagua maeneo manne ambayo mandhari yake yanaweza kufurahiwa ukiwa ndani ya gari kwa sehemu kubwa ya siku: Hifadhi ya Taifa ya Arusha na Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, zote zikiwa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, Ngorongoro, ambayo kisheria si hifadhi ya taifa bali ni eneo la hifadhi lililoanzishwa mwaka 1959 na lina mamlaka yake, na Aberdare ya Kenya, iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la nchi hiyo. Kilimanjaro na Mlima Kenya nimeviacha kwa makusudi. Uzuri wa milima hiyo miwili ni wa watembea kwa miguu, na mwenye gari hufikishwa langoni tu, au mbele yake kidogo, kisha akaambiwa ashuke.

Barabara zenyewe

Arusha ndiyo yenye safari fupi na nyepesi kuliko zote. Unatoka mjini kwa barabara kuu ya Moshi, unachepuka kushoto eneo la Usa River, na unafika lango la Ngongongare kabla watoto hawajaanza kuuliza ni saa ngapi mtafika. Mara tu baada ya lango msitu unafunguka na kuacha uwanda wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo, ambako twiga, nyati, pundamilia na ngiri hulisha karibu na barabara kiasi kwamba mtoto hahitaji darubini. Kutoka hapo njia inagawanyika: mkono mmoja unapanda msituni kwenda kreta ya Ngurdoto, yaani shimo kubwa la volkano ya zamani, na kisha kuzunguka maziwa ya Momella, na mwingine unaelekea lango la Momella, chini ya Mlima Meru wenye kimo cha mita zipatazo 4,560.

Ngurdoto ina upana wa takriban kilomita 3, na hakuna anayeruhusiwa kushuka sakafuni mwake. Unaitazama kutoka ukingoni, katika vituo kadhaa ambavyo Leitong ndicho cha juu zaidi. Wapo wanaolalamika kwamba kutazama tu hakutoshi. Mimi naona katazo hilo ni faida kwa familia, kwa sababu linaifanya ziara ya kreta iishe kwa wakati unaovumilika, na watoto wanabaki na nguvu kwa ajili ya maziwa. Maziwa ya Momella yana magadi, na kila moja lina aina zake za mwani, ndiyo maana mawili yaliyo jirani yanaweza kuonekana moja la kijani na jingine la buluu siku ileile na chini ya jua lilelile. Heroe huja na kuondoka kadiri chakula kinavyopatikana, kwa hiyo usiwaahidi watoto kwamba watawaona. Asubuhi ikiwa safi, utakuwa na Meru upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili, jambo ambalo barabara nyingine tatu katika ulinganisho huu haziwezi kulitoa.

Barabara za chini za Arusha ni za changarawe, na wakati wa kiangazi gari dogo lenye dereva mtulivu hupita bila shida. Njia inayopanda miteremko ya Meru, kupitia ule mkuyu maarufu ambao shina lake limeacha uwazi wa kupitisha gari, ni jambo jingine: inahitaji gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne pamoja na askari wa hifadhi. Ukiwa na gari linalofaa, usiiache njia hiyo. Ukiwa na gari dogo, usijaribu kujadiliana na askari langoni.

Aberdare iko mbali sana na wepesi huo. Kutoka Nairobi kuna njia mbili za kuiendea: kwa upande wa magharibi unapita Naivasha na kupanda Kinangop hadi lango la Mutubio, kwa upande wa mashariki unakwenda Nyeri, mji ulio kilomita 150 hivi kutoka Nairobi, kisha unapanda hadi lango la Kiandongoro. Uzuri mkubwa wa njia zote mbili ni jinsi uoto unavyobadilika kadiri gari linavyopanda. Unaacha mashamba ya viazi na kabichi, au ya chai ukitokea Nyeri, unaingia msitu wa miti mikubwa, msitu unageuka kuwa mianzi iliyoinamiana juu ya barabara, na mara mianzi inakatika na unatokea kwenye nyika ya juu, takriban mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, yenye majani ya mafungumafungu na lobelia zinazomzidi mtu mzima kwa kimo. Mtoto wa darasa la tano aliyefundishwa kanda za uoto kwa mchoro ubaoni huziona zote kwa mpangilio ndani ya safari moja.

Juu ya nyika hiyo ndiko yaliko maporomoko. Karuru huanguka kwa hatua tatu zenye jumla ya mita 273, na kutoka mahali pa kuyatazamia unaona pia Gura yakimwagika upande wa pili wa bonde, mbali kiasi kwamba maji yanaonekana kushuka polepole. Chania ni madogo zaidi lakini yanafikika kwa urahisi. Gharama ya haya yote ni matope. Udongo wa Aberdare ukilowa hauna huruma, gari lisilo na nguvu kwenye magurudumu manne halifai hapo hata siku moja, na mvua kubwa ikinyesha baadhi ya barabara hufungwa kabisa. Ukungu nao unaweza kushuka adhuhuri na kuacha dereva akiona boneti yake na mita chache mbele.

Jambo ambalo wageni wa Aberdare hawalielewi mapema ni kwamba hifadhi hii ina sura mbili. Nyika ya juu yenye maporomoko ni moja, na msitu wa chini upande wa mashariki, unaoitwa Salient, ni nyingine. Malango ya kuingilia ni tofauti, na kujaribu kuzimaliza zote kwa siku moja ukiwa na watoto ni kuwachosha bure. Kwa familia inayotafuta mandhari ningechagua nyika bila kusita. Salient inafaa kwa wale wanaokuja hasa kwa ajili ya tembo na nyati, na walio tayari kukaa kimya kwa muda mrefu.

Kitulo, katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, inajulikana kwa maua yake, lakini kwa dereva sifa yake ya kwanza ni njia ya kuifikia. Kutoka Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, unapanda kuelekea Matamba kwa barabara inayoitwa Hamsini na Saba, kwa kuwa hiyo ndiyo idadi ya kona zake kali. Kila ukipinda, tambarare ya Usangu inaonekana chini zaidi kuliko ulivyoiacha kwenye kona iliyotangulia. Ni barabara ya vumbi, nyembamba, na malori ya mazao huitumia. Dereva asiyezoea kurudi nyuma kwenye mteremko akipishana na lori asiichague kuwa darasa lake la kwanza. Njia mbadala ni ile ya kutoka upande wa Mbeya kupitia Isyonje, karibu na Mlima Rungwe, ambayo ni ya upole zaidi. Familia inaweza kupanda kwa Isyonje na kushuka kwa Chimala, ingawa mimi ningependekeza kinyume chake: kupanda kwenye kona kali kunaichosha injini, lakini kuzishuka kunazichosha breki, na injini iliyochoka husimama wakati breki zilizochoka hazisimamishi kitu.

Ngorongoro ina lami safi kutoka Arusha kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Loduare. Baada ya lango barabara inapanda katika msitu mzito, mara nyingi ndani ya ukungu, mpaka kituo cha kwanza cha kutazamia kreta, ambacho wengi wanakijua kwa picha kabla hawajafika. Ukingo uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, na sakafu iko takriban mita 600 chini yake, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 260. Unashuka kwa barabara ya Seneto na kupanda kwa barabara ya Lerai, kila moja ikiwa ya upande mmoja, kwa hiyo hofu ya kupishana kwenye mteremko haipo. Gari la kushuka ni lazima liwe lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, na ndiyo sababu familia nyingi huacha gari lao Karatu na kukodi lingine pamoja na dereva.

Hapa nina maoni yasiyopendwa na wengi. Kwa mtu anayetafuta safari ya mandhari, Ngorongoro ina nyakati mbili kubwa, ile ya kusimama ukingoni na ile ya kushuka. Baada ya hapo unakuwa uwandani ukitafuta wanyama kati ya magari mengine yanayotafuta wanyama walewale. Ni siku nzuri sana, lakini kama safari ya barabara za milimani Aberdare na Arusha zinaishinda.

Kushuka garini

Mtoto mwenye umri wa miaka saba anaweza kukaa garini akitazama nje kwa saa mbili, au tatu akiwa na biskuti. Baada ya hapo swali ni moja: anaruhusiwa kushuka wapi, na akishuka afanye nini?

Kitulo inajibu swali hilo vizuri kuliko zote. Hakuna simba wala nyati wa kuhofia juu ya nyanda zile, kwa hiyo familia inaweza kuegesha gari na kutembea katikati ya maua kwa muda inaoutaka. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya kulinda mimea yake hasa, zikiwamo okidi ambazo viazi vyake vilikuwa vikichimbwa kwa wingi na kuuzwa hadi Zambia, ambako hupikwa na kuliwa kwa jina la chikanda. Waeleze watoto habari hiyo kabla hawajaanza kuchuma, kwa maana kuchuma ua hata moja hairuhusiwi.

Arusha inakuja ya pili, kwa namna tofauti. Huruhusiwi kuzurura peke yako, lakini unaweza kulipia matembezi ya kuongozwa na askari mwenye silaha, na kwa watoto wakubwa kidogo matembezi ya saa chache kuelekea maporomoko ya Tululusia ndiyo sehemu ambayo huwa wanaisimulia shuleni. Kwenye ziwa dogo la Momella kuna pia safari za mitumbwi. Ndani ya msitu wa Ngurdoto, hata bila kushuka, simamisha gari, zima injini, na waambie watoto watazame juu: mbega, wenye manyoya meusi na mkia mweupe mrefu, hukaa wakila majani, kisha mmoja huruka kutoka mti hadi mti na waliobaki wote humfuata njia ileile, mmoja baada ya mwingine. Mwonyeshe mtoto mikono yao. Mbega hana kidole gumba kinachoonekana, na mtoto akishaambiwa hivyo atatumia nusu saa kujaribu kushika kila kitu kwa vidole vinne.

Aberdare unashuka kwenye maporomoko na kwenye sehemu zilizotengwa, na kwingineko unahitaji askari. Njia ya kwenda kutazama Karuru ni fupi, hata mtu mzima mwenye magoti mabovu anaimudu akipewa muda, lakini ngazi na mbao hulowa na kuteleza, kwa hiyo watoto washikwe mikono bila kujali wanavyolalamika. Mito ya juu ina samaki aina ya trauti, na uvuvi unaruhusiwa kwa leseni.

Ngorongoro ndiyo yenye masharti makali zaidi. Sakafuni unashuka katika maeneo machache ya mapumziko tu, na maarufu kati ya hayo ni Ngoitokitok, kando ya bwawa lenye viboko. Mahali hapo ni pazuri, ila kuna mwewe. Ndege hao wamejifunza ratiba ya chakula cha mchana kuliko wahudumu wa hoteli. Anakuja kutoka nyuma, kimya, na paja la kuku linatoka mkononi mwa mtoto kabla mama hajamaliza kutoa onyo. Kucha zake zinaweza kuchana ngozi. Kula ndani ya gari, kisha mshuke mkiwa mikono mitupu.

Kimo, baridi na injini

Katika jambo hili hifadhi nne zinatofautiana kuliko familia nyingi zinavyotarajia. Barabara za chini za Arusha ziko kati ya mita 1,400 na 1,850 hivi, ambapo mkazi wa Dar es Salaam ataona baridi ya kupendeza tu. Ukingo wa Ngorongoro, Kitulo iliyo katika mita 2,600 hivi, na hasa nyika ya Aberdare, ni habari nyingine. Baridi ya alfajiri huko ni ya makoti, soksi nzito na kofia, na Kitulo hupata jalidi katika miezi ya Juni hadi Agosti. Familia zinazotoka pwani hubeba sweta moja kwa kila mtu na kudhani zimejiandaa.

Kwenye mita 3,000 mtu mzima mwenye afya anaweza kupata maumivu madogo ya kichwa na kuchoka upesi. Mtoto mchanga, mjamzito na mzee mwenye shinikizo la damu au matatizo ya moyo wapate ushauri wa daktari kabla ya Aberdare kuwekwa kwenye mpango. Gari nalo linasikia kimo. Injini isiyo na taabo (turbo, kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo gari lililokuwa jepesi Mombasa likiwa na watu sita litakuwa zito Mutubio. Punguza mizigo, tumia gia ndogo unapopanda na hasa unaposhuka, na kama gari ni la gia za kujibadilisha lenyewe, lazimishe gia ya chini badala ya kukanyaga breki mfululizo. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali salama uziache breki zipoe, usizimwagie maji.

Wanaopika wenyewe wajue pia kwamba kwenye mita 3,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 90 hivi badala ya 100. KWS ina nyumba za kulala Aberdare ambazo wageni hujipikia, na mpishi asiyejua habari hii atakaa na sufuria ya maharagwe hadi usiku wa manane. Maharagwe yachemshwe nyumbani.

Wanyama

Kama sharti la familia ni kuona wanyama wengi wakubwa ndani ya siku moja, mjadala unaishia Ngorongoro: simba, tembo, nyati, viboko, nyumbu na, kwa bahati nzuri, kifaru mweusi. Twiga hayupo kreta, na mtoto anayempenda twiga aambiwe mapema. Twiga wako Arusha, kwa wingi. Lakini Arusha haina simba, na tembo wake hawaonekani kila siku. Aberdare ina tembo, nyati, chui na bongo wa milimani, swala mwenye mistari myeupe ambaye ni nadra mno kiasi kwamba anayemwona huwa amebahatika. Wapo pia mondo na chui weusi. Uzio wa umeme wenye urefu wa kilomita zipatazo 400, uliokamilika mwaka 2009, unaizunguka milima hiyo ili tembo wasishuke mashambani, na watoto huuona wakivuka lango. Kitulo ni ya maua, vipepeo na ndege. Anayekwenda huko kutafuta wanyama wakubwa amekosea njia.

Kwa familia zenye vijana, Aberdare ina kitu cha ziada, nacho ni historia. Misitu hii ndiyo iliyowaficha wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950, na Dedan Kimathi, mmoja wa viongozi wao, alikamatwa karibu na Nyeri mwezi Oktoba 1956. Elizabeth wa Pili wa Uingereza alikuwa kwenye hoteli ya Treetops, ndani ya Salient, usiku ambao baba yake alifariki Februari 1952 naye akawa malkia. Miaka miwili baadaye hoteli hiyo ya mitini iliteketezwa kwa moto katika vita hivyo. Kijana wa kidato cha pili aliyechoshwa na maporomoko huamka akisikia habari hizo mahali zilipotokea.

Msimu na likizo za shule

Hapa ndipo uchaguzi mwingi unapojifanya wenyewe. Kaskazini mwa Tanzania na Kenya ya kati kuna mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Familia ya Kenya inayotaka Aberdare katika likizo ya Aprili inachagua matope. Agosti ni kukavu zaidi, ingawa ukungu haukosekani, na Januari na Februari ndiyo miezi yenye anga safi, wakati ambapo watoto wako shuleni. Mwenye watoto wasioanza shule auchukue Februari kama zawadi.

Arusha na Ngorongoro zinafaa likizo ya Juni ya shule za Tanzania, kwa kuwa barabara zimekauka na majani bado yana rangi. Mawingu hufunika Meru mara nyingi katikati ya mwaka, kwa hiyo anayetaka mlima aingie lango linapofunguliwa na asisubiri chai ya saa nne.

Kitulo ina mvutano wake. Maua huchanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mvua hiyohiyo ndiyo inayoharibu barabara za kuyafikia. Likizo ya Juni inakupa barabara kavu na nyanda zisizo na maua mengi, pamoja na baridi kali. Kwa hiyo Kitulo ni ya mwisho wa Desemba au ya mapema Januari, ukiwa na gari imara, ukipitia Isyonje kama mvua imenyesha usiku uliotangulia.

Malipo na malazi

Ngorongoro ni ghali kuliko zote, kwa sababu juu ya kiingilio cha kila mtu na cha gari kuna ada ya pekee ya gari kushuka kreta. Ada hiyo hutozwa kwa gari wala si kwa kichwa, kwa hiyo familia mbili zikikodi gari moja kubwa zinaigawana, na hapo hesabu hubadilika sana. Arusha ni ya kati, na Kitulo ni nafuu kiingilio ingawa safari ya kuifikia hula mafuta. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viwango vya chini wakionyesha vitambulisho. Ndugu waliotoka Muscat, London au Toronto na wenye pasipoti za nje hulipa viwango vya wageni, na familia yenye mchanganyiko huo ipige hesabu ya kila mtu peke yake kabla ya kuahidi Ngorongoro. Malango ya TANAPA hayapokei fedha taslimu, na KWS hupokea malipo kwa mfumo wa serikali wa eCitizen. Malizeni malipo mkiwa Nyeri au Naivasha, kabla mtandao wa simu haujaanza kusumbua.

Kwa malazi, Arusha inakuruhusu kulala mjini au Usa River kwa bei ya aina yoyote. Karatu inafanya kazi hiyohiyo kwa Ngorongoro, kwa nyumba za wageni zilizo chini sana ya bei za hoteli za ukingoni, ingawa wanaolala Karatu lazima waamke usiku ili washuke kreta mapema, na lazima wawe wameshapanda juu kabla ya saa kumi na mbili jioni. Matamba, mji wa karibu na Kitulo, una nyumba za wageni za kawaida; beba mashuka mazito.

Nani aende wapi

Familia yenye watoto walio chini ya miaka minane, gari dogo na siku moja au mbili iende Arusha, wala isijilaumu kwa kuona imechagua kilicho rahisi. Ndiyo hifadhi pekee kati ya hizi ambapo siku inaweza kukatizwa saa saba mchana, mtoto akiwa na homa au hasira, na mkawa mmeona misitu, kreta na maziwa.

Familia yenye wageni waliosafiri mbali, ambao hawajui kama watarudi tena, iende Ngorongoro na ilipe. Iongeze Arusha siku inayotangulia ikiwa muda upo, kwa sababu wageni watakuwa wameona twiga na mbega ambao kreta haiwapi, na dereva atakuwa amepumzika.

Familia ya Nairobi au Nakuru yenye gari imara na watoto wa sekondari iende Aberdare, ilale juu usiku mmoja, na iingie kwa Mutubio na kutokea Kiandongoro badala ya kurudi njia moja. Kama gari ni dogo, gharama ya kukodi kubwa iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Wakenya wanaofikiria kuvuka Namanga na gari lao kwenda Arusha wakumbuke kibali cha muda cha forodha na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hukatwa nyumbani kabla ya safari.

Kitulo ni ya familia iliyokwisha kuona simba. Ni ya wale wanaoishi Mbeya, Njombe au Iringa, au wanaosafiri barabara kuu ya kusini wakati wa Krismasi kwenda kwa babu na bibi, ambao wanaweza kuipa siku mbili njiani. Dereva awe mmoja mwenye uzoefu wa milima, tairi la akiba na jeki vikaguliwe kabla ya Chimala, tangi lijazwe kwenye barabara kuu, na mtoto anayetapika garini akae mbele kuanzia kona ya kwanza.